Kuondoa Vipengele kwa Sharti katika Safu Zilizo Ndani ya Safu: Mfano wa Magunia ya Mpunga ya Majimoto

Utangulizi

Majimoto ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, kusini mwa mji wa Mpanda, katika Bonde la Rukwa. Jina lake latokana na chemchemi za maji ya moto zilizoko huko. Mpunga ni zao kubwa la wakulima wa eneo hilo, na sehemu ya mpunga huo husubiri ghalani kabla ya kukobolewa au kuuzwa.

Mpunga uliovunwa karibuni aghalabu huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake. Ili uhifadhiwe kwa miezi kadhaa bila kuharibika, unyevu huo hapana budi ushuke hadi asilimia 14 au chini ya hapo. Gunia lenye unyevu likiachwa katikati ya magunia makavu hupata joto na kuota ukungu, na madhara yake huenea kwa magunia jirani. Kwa hiyo mtunza ghala hupaswa kulipima kila gunia na kuyatoa yale yasiyofaa, ili yarudishwe juani.

Kazi hiyo huonekana nyepesi: pima, na likizidi kiasi, toa. Lakini inapokabidhiwa kompyuta hudhihirika kuwa ina mitego kadhaa, na programu inaweza kuacha gunia bichi ghalani bila kutoa onyo lolote. Makala haya yanaeleza mitego hiyo na njia za kuikwepa. Mifano imeandikwa katika lugha ya Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Lakini kanuni zenyewe zahusu lugha nyingi za kompyuta.

Safu ndani ya safu

Safu ni mfuatano wa vitu vilivyopangwa kwa nafasi zenye namba. Kila kitu kilichomo huitwa kipengele. Katika lugha nyingi, nafasi ya kwanza hupewa namba 0, ya pili namba 1, na kuendelea. Kipengele cha safu chaweza kuwa namba, neno, au hata safu nyingine. Hapo ndipo hupatikana safu ndani ya safu.

Jambo hili si geni kwa mwanafunzi. Mkoa una wilaya, wilaya ina kata, kata ina vijiji, na kijiji kina kaya. Kila ngazi ni orodha ya orodha zilizo chini yake. Wazo la kuwakilisha orodha za namna hiyo ndani ya kompyuta lina umri mkubwa: lugha ya Lisp, ambayo John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958, ilijengwa juu yake.

Tuchukulie kwamba ghala moja limepokea magunia kutoka kata tatu za Mpimbwe, nazo ni Majimoto, Mamba na Mbede. Unyevu wa kila gunia umeandikwa kwa asilimia. Namba hizi ni za mfano tu:

Majimoto: 13, 16, 17, 12
Mamba: 15, 18
Mbede: 14, 13, 13

Katika Python, habari hizo huandikwa hivi:

ghala = [[13, 16, 17, 12], [15, 18], [14, 13, 13]]

Mabano ya mraba ya nje ni ghala zima. Kila jozi ya mabano ya ndani ni kata moja. Sharti ni hili: kila gunia lenye unyevu unaozidi 14 liondolewe. Jibu sahihi laweza kupatikana kwa macho:

[[13, 12], [], [14, 13, 13]]

Magunia manne yameondoka, matano yamebaki, na safu ya Mamba imebaki tupu.

Mtego wa kwanza: kuondoa huku ukitembea

Mwanafunzi anayeanza aghalabu huandika programu ifuatayo:

for kata in ghala:
    for gunia in kata:
        if gunia > 14:
            kata.remove(gunia)

Maana yake ni: kwa kila kata iliyomo ghalani, na kwa kila gunia lililomo katika kata hiyo, ikiwa unyevu unazidi 14, liondoe. Kwa maneno, mpango huu hauna kasoro. Lakini ukiendeshwa, jibu linalotoka ni hili:

[[13, 17, 12], [18], [14, 13, 13]]

Gunia lenye unyevu wa 17 na lenye 18 bado yamo ghalani. Yamepitaje?

Sababu ni kwamba kompyuta hutembea kwa namba za nafasi. Katika safu ya Majimoto huanza nafasi 0 na kukuta 13, ambalo linafaa. Huenda nafasi 1, hukuta 16 na kuliondoa. Mara tu 16 linapoondoka, vipengele vilivyo nyuma yake husogea mbele kujaza pengo: 17 lililokuwa nafasi 2 sasa liko nafasi 1, na 12 liko nafasi 2. Lakini kompyuta imekwisha kumaliza nafasi 1, hivyo huenda nafasi 2 na kukuta 12. Gunia la 17 halikuchunguzwa kabisa. Lilipita kwa kusogea, wakati mkaguzi anapiga hatua.

Yaliyotokea Mamba ni yale yale. Gunia la 15 liliondolewa katika nafasi 0, la 18 likasogea kuchukua nafasi hiyo, na mkaguzi alipokwenda nafasi 1 alikuta safu imekwisha.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani kila mara. Kama magunia ya Majimoto yangepangwa 16, 13, 17, 12, programu ile ile ingetoa jibu sahihi, yaani 13 na 12. Gunia la 13 lingerukwa bila kuchunguzwa, lakini kwa kuwa lilikuwa zuri, hakuna ambaye angetambua. Kosa hujidhihirisha pale tu vipengele viwili vibaya vinapofuatana. Kwa hiyo mwenye kuijaribu programu yake kwa mfano mmoja uliopangwa kwa bahati njema, anaweza kuitumia msimu mzima akiamini kuwa ni salama.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kompyuta inaweza kulionyesha jambo hili bila gharama. Mwalimu awasimamishe wanafunzi wanne katika mstari, kila mmoja akiwa ameshika karatasi yenye namba: 13, 16, 17 na 12. Achore sakafuni kwa chaki visanduku vinne na kuvipa namba 0, 1, 2 na 3, kila mwanafunzi asimame katika kisanduku chake. Mwanafunzi wa tano awe mkaguzi: apige hatua moja kutoka kisanduku hadi kisanduku, na kila akikuta namba inayozidi 14 amwambie mwenye nayo atoke. Kanuni ni mbili tu: anapotoka mmoja, waliobaki nyuma yake wasogee mara moja kisanduku kimoja mbele, na mkaguzi asirudi nyuma. Darasa litaona kwa macho jinsi mwenye 17 anavyompita mkaguzi. Jaribio hili huchukua dakika chache, na aghalabu hufundisha zaidi ya maelezo ya ubaoni.

Njia ya kwanza: kutembea kinyumenyume

Mkaguzi akianzia mwisho wa mstari na kurudi mwanzo, tatizo hutoweka. Kipengele kinapoondolewa, wanaosogea ni wale walio nyuma yake, ambao wamekwisha kuchunguzwa. Walio mbele, ambao bado zamu yao, hawahami.

for kata in ghala:
    for i in range(len(kata) - 1, -1, -1):
        if kata[i] > 14:
            del kata[i]

Hapa i ni namba ya nafasi. Huanza kwenye nafasi ya mwisho na kupungua kwa moja hadi kufikia 0. Njia hii ni sahihi, na yafaa pale inapotakiwa kuibadili safu ile ile bila kutengeneza nyingine.

Lakini ina gharama. Kila uondoaji hulazimu vipengele vya nyuma kusogezwa. Katika safu ndefu yenye vipengele vingi vya kuondolewa, usogezaji huo huwa kazi kubwa kuliko ukaguzi wenyewe. Kwa mfano, kuondoa vipengele 1,000 kimoja kimoja kutoka mbele ya safu husababisha misogeo 999, kisha 998, kisha 997, na kuendelea hadi 0. Jumla yake ni 499,500.

Njia ya pili: kujenga safu mpya ya wanaobaki

Njia inayopendekezwa kwa kawaida ni kuligeuza swali. Badala ya kuuliza nani aondoke, huulizwa nani abaki. Safu ya zamani haiguswi. Hutengenezwa safu mpya, na kila kipengele kinachofaa huandikwa humo. Karani mwangalifu hufanya hivyo hivyo: hakwangui majina katika daftari, bali huandika daftari jipya na kulihifadhi la zamani.

safi = [[g for g in kata if g <= 14] for kata in ghala]

Mstari huo husomeka hivi: kwa kila kata iliyomo ghalani, tengeneza safu ya kila gunia g lenye unyevu wa 14 au chini yake. Jibu lake ni [[13, 12], [], [14, 13, 13]], kama lilivyotarajiwa. Kila kipengele huchunguzwa mara moja tu, hakuna kinachosogea, na ushahidi wa hali ya awali unabaki katika ghala.

Ikiwa safu zimepachikana kwa ngazi nyingi, na idadi ya ngazi haijulikani mapema, hutumika kijiprogramu kinachojiita chenyewe:

def chuja(orodha):
    mpya = []
    for kitu in orodha:
        if isinstance(kitu, list):
            mpya.append(chuja(kitu))
        elif kitu <= 14:
            mpya.append(kitu)
    return mpya

Kijiprogramu hiki huuliza swali moja kuhusu kila kitu: je, hiki nacho ni orodha? Ikiwa ni orodha, hujiita tena ili kuichuja hiyo kwanza, kisha huweka matokeo yake katika orodha mpya. Ikiwa si orodha, hukipima kwa sharti. Hivyo kazi huteremka kutoka mkoa hadi kijiji, na majibu hupanda kutoka kijiji hadi mkoa.

Mtego wa pili: safu iliyobaki tupu

Baada ya kuchuja, safu ya Mamba haina kitu. Je, nayo iondolewe? Wengi huiondoa kwa kudhani kuwa kitu kitupu hakina maana. Lakini tuchukulie kwamba majina ya kata yamewekwa katika safu nyingine:

majina = ["Majimoto", "Mamba", "Mbede"]

Jina la nafasi 0 ni la safu ya nafasi 0, na kadhalika. Ikiwa safu tupu itaondolewa katika ghala na jina lisiondolewe, safu ya Mbede itahama kutoka nafasi 2 hadi nafasi 1, na magunia matatu ya Mbede yatahesabiwa kuwa ya Mamba. Malipo yakifuata hesabu hiyo, watu wa Mamba watalipwa kwa mpunga wasioupeleka, na watu wa Mbede watakosa haki yao. Kompyuta haitaona kosa lolote, kwa kuwa hesabu zenyewe ni sahihi.

Kinga yake ni kuliambatanisha jina na safu yake, ili vihame pamoja:

ghala = {"Majimoto": [13, 16, 17, 12], "Mamba": [15, 18], "Mbede": [14, 13, 13]}

Kadhalika, yafaa kukumbuka kwamba utupu nao ni habari. Kata isiyo na gunia lililofaa si sawa na kata isiyoleta mpunga.

Lugha hazifanani katika jambo hili. Katika lugha ya PHP, kwa mfano, kipengele kikifutwa, vingine havisogei: namba za nafasi hubaki na mapengo. Mwanafunzi anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine hana budi kuuliza kwanza: baada ya kufuta, namba za nafasi huwaje?

Mtego wa tatu: nakala ya juu juu

Mtu mwingine huamua kuweka nakala ya ghala kabla ya kufuta chochote, akaandika nakala = ghala[:] kwa safu ile ya awali. Amri hiyo hunakili safu ya nje peke yake. Safu za ndani hazikunakiliwa. Ghala na nakala zote mbili zaelekeza kwenye safu zile zile za kata. Ni kama karani aliyenakili orodha ya madaftari yaliyomo kabatini, akadhani amenakili madaftari yenyewe. Gunia likifutwa katika daftari la Majimoto, limefutwa kwa wote wawili.

Python ina amri ya kunakili hadi ngazi ya mwisho, iitwayo deepcopy, katika maktaba yake ya copy. Anayetumia njia ya kujenga safu mpya hahitaji amri hiyo, kwa sababu yeye hakufuta chochote.

Mtego wa nne: kisichojulikana

Mara nyingine kipimo hukosekana: kipima unyevu kimeharibika, au karani amesahau kuandika. Katika Python, nafasi isiyo na thamani huandikwa None. Je, gunia hilo lazidi 14? Haijulikani. Je, liko chini ya 14? Hilo nalo halijulikani. Kwa hiyo kusema "ondoa yanayozidi 14" na kusema "bakiza yasiyozidi 14" si kitu kimoja panapokuwa na gunia lisilopimwa. Kwa amri ya kwanza litabaki, na kwa ya pili litaondoka, ingawa hakuna aliyetoa uamuzi kulihusu. Python yenyewe hukataa kulinganisha None na namba, na husimamisha programu. Ukataaji huo ni wa busara.

Suluhisho ni kutengeneza mafungu matatu: yanayobaki, yanayoondoka, na yanayosubiri kupimwa. Fungu la tatu lisimezwe na lolote kati ya hayo mawili.

Orodha za watu

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi pale vipengele vinapokuwa watu. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania iliendesha kazi ya kuwatafuta na kuwaondoa watumishi hewa katika orodha ya mishahara, na idadi iliyotangazwa mwezi Mei mwaka huo ilizidi 10,000. Mwezi Aprili 2017 ulifuata uhakiki wa vyeti, ambapo watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kwa muundo wake, orodha ya watumishi wa umma ni safu ndani ya safu: wizara na halmashauri, ndani yake idara, ndani yake shule na zahanati, na ndani yake watu.

Kazi ya namna hiyo, iwe ya mkono au ya kompyuta, yaweza kukosea kwa njia mbili: kumwacha asiyestahili, au kumwondoa anayestahili. Kosa la kwanza hula fedha za umma. La pili hukata riziki ya mtu asiye na hatia. Mtumishi ambaye cheti chake hakijapatikana kabatini si sawa na mtumishi ambaye cheti chake kimethibitika kuwa cha kughushi. Huyo wa kwanza ni wa fungu la tatu. Sharti lililoandikwa kwa haraka halitambui tofauti hiyo, na mashine hutii sharti lilivyoandikwa.

Jinsi ya kuhakiki

Wengi hutosheka na kulinganisha jumla: waliobaki pamoja na walioondoka wawe sawa na idadi ya awali. Katika mfano sahihi, 5 na 4 ni 9. Lakini katika programu ile yenye kosa, yalibaki 7 na kuondoka 2, na jumla yake ni 9 vile vile. Hesabu ya jumla yathibitisha kwamba hakuna kilichopotea njiani. Haithibitishi kwamba kila kimoja kimewekwa mahali pake.

Kwa hiyo uhakiki uwe wa hatua tatu. Kwanza, jumla za mafungu zilingane na idadi ya awali. Pili, fungu la waliobaki lipimwe tena kwa sharti lile lile, na asipatikane wa kuondolewa hata mmoja. Tatu, fungu la walioondoka lihifadhiwe na kupimwa vivyo hivyo, na asipatikane wa kubaki. Hatua ya pili ingeyafichua magunia ya 17 na 18 mara moja.

Muhtasari

1. Usifute ndani ya safu huku ukiipitia kutoka mbele kwenda nyuma.
2. Jenga safu mpya ya wanaobaki. Ikilazimu kufuta, anza mwishoni.
3. Amua mapema safu tupu ifanyweje, na uliambatanishe jina na safu yake.
4. Nakala ya safu ya nje si nakala ya safu za ndani.
5. Kisichojulikana kiwekwe katika fungu lake.
6. Hifadhi walioondolewa, kisha pima tena mafungu yote.

Maswali ya kujipima

1. Safu ya kata moja ni [15, 15, 15, 13, 19]. Fuatilia kwa kalamu programu ya kwanza yenye kosa. Jibu lake litakuwa nini?
2. Fuatilia safu hiyo hiyo kwa njia ya kinyumenyume.
3. Vipengele 10 vikiondolewa kimoja kimoja kutoka mbele ya safu, kutakuwa na misogeo mingapi?
4. Kijiprogramu chuja kitatoa jibu gani kwa [[[13, 15], [16]], [[12]]]?
5. Shule ina orodha ya madarasa, na kila darasa lina orodha ya alama za wanafunzi. Mwalimu ataka kuwaondoa waliopata chini ya 30 ili wapewe masomo ya ziada. Mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani awekwe fungu gani? Jadilini.

Majibu: (1) [15, 13]. (2) [13]. (3) 45. (4) [[[13], []], [[12]]]. (5) Fungu la tatu, hadi atakapofanya mtihani. Alama yake isiandikwe 0, kwa kuwa 0 ni kipimo, na yeye hakupimwa.